Mshale wa Mzee Wandera

Siku tuliyomzika Daktari Masika pale Bwera, nilikuwa na jiwe kwenye mkoba. Nasema jiwe kwa sababu ndivyo tulivyozoea kuita, lakini ni kipande cha udongo wa kale uliokauka ukawa mgumu, ukubwa wake nusu ya mche wa sabuni, kimezungushiwa utepe wa karatasi uliogeuka rangi ya chai. Kimekaa juu ya kabati langu Kasese zaidi ya miaka thelathini. Watoto wangu walipokuwa wadogo niliwakataza kukigusa, na walipokua wakawa wananitania mbele ya wageni kwamba mama yao anaabudu tofali. Niliwaacha waseme. Asubuhi ya mazishi nilikitia mkobani nikifikiri nitakiweka juu ya kaburi, halafu njia nzima nikajiona mjinga, na nilipofika nikaamua nitarudi nacho nyumbani kimyakimya. Ndipo nikamwona Mzee Wandera. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki chini ya hema, safu ya pili, koti limemzidi mabega, fimbo katikati ya magoti. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba alikufa zamani. Nasema ukweli wangu: kitu cha kwanza nilichofanya, mwanamke mzima mwenye wajukuu, ni kujificha nyuma ya mama mmoja mnene wa kwaya.

Mtu akikaa Kasese na mwenzake, kama Mzee, akikaa Muhokya, kuonana ni jambo la kila wiki, kama wanataka. Mimi sikutaka. Kazi yangu ya visima ilinipitisha Muhokya mara nyingi, na kila nilipopita nilijifanya nasoma makaratasi. Nilikuwa namkimbia mzee mpole ambaye hakuwahi kunipandishia sauti, kwa sababu mwaka ule mmoja tuliofanya kazi pamoja nilimchongea kwa mkubwa wetu ili nipone mimi, na sikuwahi kujua kama alikuja kujua. Wahubiri walizungumza mmoja baada ya mwingine, na mimi nyuma ya yule mama wa kwaya nikawa siko tena mazishini, niko kwenye nyumba ya Mama Mbambu, nasikia mvua juu ya bati.

Nilikuwa nimemaliza sekondari, niko nyumbani tu, mwandiko wangu ukiwa ndiyo mali pekee niliyokuwa nayo. Daktari Masika alikuwa Mkonzo wa hapohapo Bwera, mwalimu wa elimu ya miamba chuo kikuu, mwanamke mwembamba, mwenye haraka, anatembea kama amechelewa hata akienda kuchota maji ya kunywa. Alikuja Kasese kutafuta mtu wa kumwandikia daftari la kazi za porini. Akanipa mstari mmoja niandike, akautazama, akasema, "Hii mwandiko iko safi. Unaweza kukaa kwa jua?" Nikasema naweza. "Unaweza kunyamaza?" Nikasema naweza, na hapo nilidanganya. Kisha akaniambia neno lililonifanya nisilale vizuri mwaka mzima: "Ukinifanyia kazi mpaka mwisho, na daftari ikikuwa haina makosa, mimi nitaandika barua. Chuo watakuchukua." Barua hiyo niliitamani kuliko chakula. Kwa familia kama zetu, zilizofuata mgodi wa shaba na kubaki Kasese mgodi ulipokufa, hapakuwa na mlango mwingine niliouona.

Tulipanga kwa Mama Mbambu, mjane mwenye nyumba ya bati kando ya barabara ya mpakani, ambaye nusu ya ndugu zake walikuwa ng'ambo, Kongo. Chumba changu na cha Daktari vilitenganishwa na mbao, na zile mbao zilipitisha kila kitu: sauti, harufu ya mafuta ya kupaka, mwanga wa taa. Uani palikuwa na stoo ya mawe yetu, na ubavuni mwa stoo chumba cha Mzee Wandera, na mbele ya chumba chake baraza dogo ambapo alipenda kukaa akinoa vitu. Tulikula sote meza moja: obundu, yaani ugali wa muhogo, pamoja na sombe, mboga ya majani ya muhogo, au samaki wa Katwe waliopikwa kwa nyanya, na baadaye kahawa nzito ya mlimani. Mama Mbambu aliongoza sala ya chakula, ndefu, huku jicho moja liko wazi likinipima. "Mutoto, ongeza," alikuwa akisema kabla amina haijapoa. "Mutu ya mifupa hivi, mama yake akiniona mu soko atasema nini?" Sijawahi kulishwa namna ile tena. Hata leo nikinusa sombe inayochemka, mate yanatoka kabla sijajua ni jikoni kwa nani.

Kazi yenyewe nitaieleza kama Daktari alivyonieleza siku ya kwanza, mezani, akiwa na kikombe na kijiko. Zamani sana bonde lote hili chini ya milima lilikuwa ziwa, linajaa, linakauka, linajaa tena, na mito inaleta matope kila mvua. Ndani ya matope mna chembe za chuma ndogo kuliko unga. Zikizama polepole kwenye maji yaliyotulia, zinageuka zenyewe kuelekea kaskazini kama sindano ya dira. Baadaye matope yanashikana, yanazibana, na chembe zinabaki zinatazama hukohuko. Sasa dunia ina vituko vyake: baada ya miaka mingi isiyo na mpango, sumaku yake inageuka, na sindano iliyoonyesha kaskazini inaonyesha kusini. Mara ya mwisho kugeuka ni karibu miaka laki nane iliyopita. Ukiukwangua ukuta wa udongo kuanzia juu kwenda chini, ukapima kila tabaka chembe zake zinatazama wapi, unapata orodha, na wataalamu wa dunia wanayo orodha yao yenye miaka. Unaziweka pamoja, na udongo uliokuwa hauna umri unapata umri. Nikamuuliza kama zile chembe haziwezi kugeuka tena pamoja na dunia. Akagonga meza kwa kijiko. "Wewe Rispa, tukikujengea na simenti mpaka kwa shingo, utageuka?"

Korongo letu lilikuwa upande wa Katwe, ndani ya mbuga, ukuta wake mrefu ukitazama jua linapochomoza. Katikati ya ukuta palikuwa na tabaka lenye konokono wa kale wasiofanana na hawa tunaowajua, na Daktari alitaka umri wa konokono wale kama mtu anayetaka kujua umri wa mchumba. Unalainisha uso wa udongo mpaka uwe kama kiganja, unachora mshale wa kuonyesha upande wa juu ni upi, unaandika namba, unapima kwa dira uso ule unatazama wapi, ndipo unakata kipande na kukifunga kwa karatasi na utepe palepale. Mshale ndio kila kitu. Jiwe likishatoka ukutani bila mshale, hakuna anayejua lilikaa vipi, na chembe zake haziwezi kukuambia lolote. Vyuma vilipigwa marufuku karibu na dira. Askari wa mbuga aliyetulinda aliambiwa akae mbali na bunduki yake, akauliza, "Na simba akikuja, nimwambie ngoja, wanapima?" Mimi nami nilifukuzwa, kwa sababu daftari langu lilikuwa la waya. Nikawa nakaa juu ya kichuguu hatua thelathini kutoka ukutani, napigiwa kelele namba na vipimo, naandika. Ninautaja waya huo kwa sababu ndio ulionifanya nisiuone hata mshale mmoja kwa karibu.

Mzee Wandera alikuwa amefanya kazi kwenye mgodi wa shaba mpaka ulipofungwa. Kazi yake ilikuwa kupokea mawe yaliyotolewa kwenye mashimo yaliyotobolewa mwambani, kuyapanga na kuyatia alama. Ndiye aliyetutengenezea visu na mwiko wa shaba, maana shaba haiisumbui dira, na alivinoa kila jioni kama vya kinyozi. Siku ya kwanza korongoni nilisikia maneno yao kutoka kichuguuni kwangu. Daktari aliuliza kwa adabu, huku akitazama pembeni, "Mzee, mambo ya mshale unaijua?" Mzee akatabasamu kama mtu aliyeulizwa kama anajua kunywa maji. "Daktari, mimi nimechora mshale miaka ishirini na mbili." Daktari akasema basi, haina shida. Yeye alikuwa na umri wa binti wa Mzee, na kwetu huwezi kumfundisha baba yako kazi aliyozeekea. Mzee naye hakumuuliza, kwa sababu fundi haulizi. Wakaanza kukata, kila mtu tabaka lake, kila mtu anapima na kufunga la kwake, wakipokezana kuteremka ukuta: Daktari, Mzee, Daktari, Mzee, na Daktari akichoka, Mzee mara mbili. Kila tabaka lilitoa mapacha, moja la kusafiri na moja la kubaki stoo likiwa limefungwa, na stoo hiyo Daktari aliiheshimu kama madhabahu.

Zilikuwa siku nzuri. Tulikula mchana karibu na ziwa la Katwe, na wanawake waliokuwa wakitoka kwenye mashamba yao ya chumvi, magaga meupe miguuni, walitucheka wazi. "Sisi tunatoa chumvi, mutu anakula," mmoja alisema, "na nyinyi munatoa udongo, nani anakula?" Kwenye kizuizi cha barabara afande alitufungulisha makasha yote. "Nyinyi! Shuka! Hii iko nini?" Mzee akamwambia ni matope, afande. "Matope unafunga na karatasi kama pipi? Fungua!" Daktari alishuka na kumweleza habari za ziwa, chembe na sumaku, yote, kwenye jua, mpaka afande mwenyewe akaomba twende. Tulicheka mpaka Bwera. Mzee Wandera hakuwa mtu wa maneno, lakini siku hiyo alicheka hadi akavua kofia ajifute macho.

Mawe yakapelekwa ng'ambo ya bahari kwenye maabara yenye mashine za kupima, na sisi tukakaa msimu mzima wa mvua tukingoja. Barua ya maabara ilipofika Daktari aliisoma amesimama mlangoni, kisha akaisoma tena, kisha akaketi. Orodha iliyorudi haikufanana na kitu chochote duniani. Kaskazini, kusini, kaskazini, kusini, kusini, kaskazini, kusini: matabaka yaliyolala vidole viwili kutoka kwa mwenzake, yakipingana kama wake wenza. Sumaku ya dunia haigeuki namna hiyo. Mwenye maabara aliandika kwa upole kwamba huenda namba zilichanganywa wakati wa kuandika. Aliyeandika namba ni nani? Ni mimi. Daktari hakunigombeza. Alinyoosha mkono tu, nikampa daftari, akaenda nalo chumbani kwake.

Alasiri hiyo mvua ilinyesha, nami nimelala kitandani nikitazama bati. Mama Mbambu alimpelekea Daktari kahawa, na zile mbao zikafanya kazi yake. Daktari alikuwa anapaza sauti juu ya mvua, anasoma ile orodha yote kwa sauti, neno kwa neno, halafu akasema, "Kazi yote ya mwaka imeharibika. Nitaitupa. Yule msichana nimrudishe kwao." Mama Mbambu akasema, "Lakini Daktari, mutoto haiko mubaya." "Simsemi mbaya. Nasema siwezi kuandika barua ya chuo kwa mtu aliyechanganya namba. Nikiandika nitakuwa nadanganya." Nilibana mto mdomoni nisisikike. Nilijua sikuchanganya. Nilijua pia kwamba kujua kwangu hakuna uzito mbele ya karatasi ya maabara, na kwamba mwisho wa wiki nitarudi Kasese na begi langu, na hapo ndipo maisha yangu yatakapokaa.

Jumapili, baada ya ibada, tulikula kimya. Kulikuwa na samaki, nami nilikuwa nakata obundu na kuurudisha sahanini. Ghafla Mzee Wandera akaanza kuzungumza. Alizungumza habari za mgodini, moja kwa moja, bila kuulizwa, mtu ambaye mwaka mzima tulihesabu maneno yake. Alieleza giza la kule ndani, maji yanayodondoka, mashine ya kutoboa, na jinsi lile jiwe refu lilivyotoka shimoni likiwa na joto. "Sasa unachora mshale," akasema. "Kule kwetu mshale ni moja tu. Inaenda chini. Kwa sababu unafuata shimo, si mbingu. Ukiweka juu, musimamizi anakutukana mbele ya watu." Akachovya kidole kwenye mchuzi na kuchora mshale juu ya meza, ncha yake ikielekea tumboni kwake mwenyewe. "Hivi. Miaka ishirini na mbili, hivi." Daktari hakuwa anasikiliza, alikuwa anatazama mvua. Mama Mbambu alilalamika kuhusu meza yake. Mimi nilibaki nautazama ule mshale wa mchuzi mpaka ulipofutwa kwa kitambaa.

Jumatatu Daktari alikwenda mjini kupiga simu, na Mzee akaenda sokoni na Mama Mbambu. Nikaingia stoo. Nilijua nikikutwa nimefungua yale mapacha, hata njia ya kurudi kuchukua begi sitapewa, lakini kucha zangu tayari zilikuwa kwenye utepe. Jiwe la kwanza lilikuwa la Daktari: mshale mwembamba wa penseli, namba imeandikwa wima, ncha juu ya kichwa cha namba. La pili lilikuwa la Mzee. Mshale wake aliuchonga kwa ncha ya kisu cha shaba, mfereji safi, halafu akaupaka wino. Namba imesimama vizuri, na mshale unatazama miguu ya namba. Nikafungua la tatu, la nne, nikafungua kumi. Hakuna hata moja la Mzee lililotazama juu. Maabara walifuata mshale, kama inavyotakiwa, wakalipindua kila jiwe lake kichwa chini bila kujua, na jiwe la ukuta ule unaotazama mashariki likipinduliwa, kaskazini yake inakuwa kusini. Niliketi chini kwenye vumbi nikacheka peke yangu kama mwehu. Sikuwa nimekosea. Daftari langu lilikuwa safi kuanzia ukurasa wa kwanza.

Adabu ilikuwa nimngoje Mzee pale barazani, nimsalimie, nimwambie yeye kwanza, ili akamwambie Daktari kwa mdomo wake. Niliijua adabu hiyo vizuri sana. Lakini niliiogopa ile siku moja ambayo angeweza kukaa kimya, na nilikuwa na haraka ya barua yangu. Daktari aliporudi nilimkuta mlangoni na mawe mawili, moja kila mkono, nikasema yote kwa pumzi moja, na nilimtaja Mzee kwa jina kabla sijafika katikati. Daktari aliyatazama yale mawe, moja, halafu la pili. Kisha akaegemea mlango, akaanza kucheka, na kucheka kwake kukageuka machozi, akanishika kichwa akanikumbatia na mawe yangu. "Mimi ndiye sikumuuliza," alikuwa anasema. "Mimi! Nilimwonea haya mzee, nikashindwa kuuliza mshale wako unaenda wapi." Tukakaa mezani na orodha. Kila jiwe la Mzee tuliligeuza kwenye karatasi, na ile orodha ya ajabu ikanyooka mbele ya macho yetu: kaskazini, kaskazini, kaskazini kutoka juu, mpaka mahali pamoja, kisha kusini tupu kwenda chini, na konokono wako ndani ya kusini. Walikuwa na zaidi ya miaka laki nane wale konokono. Daktari alilisema neno hilo taratibu, kama mtu anayetaja jina la mtoto mchanga. Kisha akakunja karatasi, akaniambia, "Mzee tusimwambie. Ataona aibu bure."

Mama Mbambu alichinja kuku bila kujua hasa kwa nini. Mzee Wandera alikula kuku yule pamoja nasi, akasifu mchuzi, hakuuliza sherehe ni ya nini, na mimi kila alipoinua macho niliinamia sahani yangu. Niliogopa pia kufurahi, lakini nitasema uongo nikisema sikufurahi. Nililala mchana ule hadi Mama Mbambu akaja kunigusa kama niko hai. Barua iliandikwa, chuo wakanichukua, na sisi tukageuka kumdanganya mzee kwa kunyamaza. Kazi ilipokwisha alipewa blanketi jipya na maneno mengi ya shukrani, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Soma vizuri, mwanangu." Nilitazama viatu vyake. Taarifa ya utafiti ilipochapishwa, mimi nilishukuriwa kwa uangalifu wa daftari, na yeye kwa vifaa vya shaba. Nilisoma ukurasa huo nikaufunga, na tangu siku hiyo nikawa napita Muhokya nikisoma makaratasi.

Mazishini wakati wa chakula kwaya ilihama, na mimi nikabaki wazi kama mti kwenye kiwanja. "Rispa wa daftari," sauti ikasema. "Toka huko. Nimekuona tangu sala ya kwanza." Nilienda nikapiga goti kumsalimia, na kabla sijainuka nilianza kusema. Nilimwambia habari ya stoo, mawe kumi, mlango, jinsi nilivyomtaja kabla sijafika katikati. Nikasema, "Mzee, nilikuchongea. Nisamehe." Alinisikiliza huku akitafuna polepole, ana meno machache. Alipomaliza tonge lake akaniuliza, "Hiyo Jumapili, mimi nilikuwa mtu wa kupiga stori?"

Sikumwelewa. Akaweka sahani chini. "Ile mvua," akasema, "mimi nilikuwa barazani, na dirisha ya Daktari ilikuwa wazi. Anasoma kwa nguvu: kaskazini, kusini, kaskazini, kusini, kusini, kaskazini. Mimi nahesabu. Yeye, mimi, yeye, mimi, mimi, yeye. Nikajua huko juu kusini yote ni yangu, na huko chini kaskazini yote." Alicheka kidogo bila sauti. "Nikasimama niende kumwambia. Miguu ikakataa. Nimwambie nini, mama? Eti miaka ishirini na mbili, na sijui juu na chini? Nikarudi nikakaa. Halafu nikasikia anasema atakurudisha kwenu. Na wewe ulikuwa hauli. Nikasema, huyu msichana iko na masikio, wacha nimuwekee kwa meza, atachukua." Nikamuuliza kama Daktari aliwahi kujua kwamba yeye Mzee anajua. "Kila Krismasi ananitumia kahawa. Yeye hakusema, mimi sikusema. Tulikuwa tunaheshimiana."

Nililia pale mbele za watu, na watu wakadhani namlilia marehemu, wakanipisha. Sikuwa namlilia Daktari wakati huo, Mungu anisamehe. Kitu kilichonikaa kifuani kuanzia usichana kilikuwa kinatoka, na nilikuwa mwepesi mpaka nikashika kiti. Miaka yote nilijiona nilimwibia mzee heshima yake nikaendea chuo, kumbe alinipa kwa mkono wake, mezani, kwa kidole kilichochovywa kwenye mchuzi, halafu akala kuku wangu akasifu.

Watu walipopungua kaburini aliniomba nimshike, tukaenda. Nilifungua mkoba nikampa lile jiwe, moja la yale niliyoyafungua stoo nikalifunga tena. Hakuuliza ni nini. Alibandua utepe kwa ukucha, akapitisha kidole gumba juu ya uso wake mpaka kikaangukia mfereji aliouchonga, na kidole kikafuata mfereji hadi kwenye ncha. "Yangu," akasema. Kisha akainama, nikimshikilia kiuno, akalisimamisha kwenye udongo mbichi upande wa kichwa, akalikandamiza lisianguke. Alilisimamisha kama lilivyokaa korongoni, namba ikisomeka wima, na mshale unatazama chini, kule tulikomweka Daktari. Aliutazama kidogo, akajifuta mikono kwenye koti.

"Hapa," akasema, "sijakosea."